Mwanangu, Itazame Elektroni ya Nje

Mwanangu, nakuona una haraka. Mtihani umekaribia, daftari limejaa, na usiku unasoma huku macho yanafumba. Kemia imekuelemea. Unasema majina ni mengi, fomula ni nyingi, ukishika hili lile linaponyoka. Kaa nami kidogo hapa mezani. Sikuongezei cha kukariri. Nataka nikupunguzie mzigo.

Kemia uliyokwisha kuisoma, na sehemu kubwa ya utakayoisoma huko mbele, inarudi kwenye swali moja. Elektroni za nje za atomu hii zimeshikwa kwa nguvu gani, na jirani yake anazivuta kwa nguvu gani? Ukilijibu kwa utulivu, utajua kwa nini chuma kinaliwa na kutu na dhahabu hailiwi. Utajua simu yako inapata wapi umeme. Nimelifundisha somo hili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nikastaafu, na ningeruhusiwa kuacha maneno machache tu ubaoni, ningeliacha swali hilo.

Sogeza hicho kikopo cha chumvi. Humo mna elementi mbili ambazo, kila moja ikiwa peke yake, nisingekuruhusu uiguse. Ya kwanza ni sodiamu. Ni metali laini, inakatika kwa kisu cha kawaida. Pale ilipokatwa hung'aa, halafu mng'ao unafifia huku unautazama, maana hewa imekwisha kuishambulia. Ndiyo sababu maabara huitunza ndani ya mafuta ya taa. Ya pili ni klorini, gesi ya kijani inayoelekea manjano, inayokaba koo. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliifungulia gesi hiyo ikapeperuka hadi kwenye mahandaki ya wapinzani wao, na askari wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Leo hizo mbili zimekutana kikoponi, na sisi tunazitia kwenye mchuzi.

Kilichobadilika ni kidogo mno. Kiini cha atomu ya sodiamu kilikuwa na protoni 11, na bado kina 11. Kiini cha klorini kilikuwa na 17, na bado kina 17. Huko ndani hakuna kilichoguswa. Elektroni moja imehama kutoka upande huu kwenda upande ule. Moja tu, mwanangu. Sumu mbili zimekuwa chakula.

Elektroni iligunduliwa mwaka 1897 na J. J. Thomson, huko Cambridge, Uingereza. Ni nyepesi ajabu. Protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836 hivi. Elektroni ina chaji hasi, kiini kina chaji chanya, kwa hiyo vinavutana. Nazo zimepangika kwa matabaka. Sodiamu ina mbili katika tabaka la ndani kabisa, nane katika tabaka la pili, na moja peke yake nje. Fikiria daladala ya asubuhi iliyojaa. Aliyekaa siti ya nyuma dirishani hatoki kirahisi. Aliyening'inia mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akisukumwa kidogo ameshuka. Elektroni ya nje ya sodiamu ndiyo hiyo ya mlangoni. Iko mbali na kiini, na zile kumi zilizo ndani zinaikinga isivutwe kwa nguvu yote ya protoni kumi na moja.

Wanakemia wamepima nguvu hiyo. Chukua gramu 23 za sodiamu iliyokwisha kuwa mvuke. Kung'oa elektroni moja kutoka kila atomu kunahitaji nishati ya kilojuli 496. Nishati hiyo ingeweza kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba. Sasa jaribu kung'oa elektroni ya pili. Hapo unaingia tabaka la ndani, na gharama inapanda hadi kilojuli 4,562. Ni mara tisa. Kwa hiyo chumvi popote duniani, iwe ya chemchemi za Uvinza kule Kigoma au ya mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, sodiamu yake imepoteza elektroni moja, wala si mbili. Hakuna aliyeiamuru. Gharama imeamua.

Mimi haya niliyaelewa kwa kuchelewa. Shuleni tulikuwa na wimbo wa metali. Potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Tuliuimba tukienda kuchota maji, tuliuimba tukifagia uwanja. Mwalimu akiuliza ipi kali kuliko ipi, mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu. Alama nilipata.

Siku moja mwalimu alituzungusha kando ya beseni la maji. Akadondosha kipande cha sodiamu, ukubwa wa punje ya mchele. Kikayeyuka kuwa tone, kikawa kinakimbia huku na huko juu ya maji kikichachatika, mpaka kikaisha. Akatia matone ya fenolfthalini, na maji yakageuka rangi ya waridi, kuonyesha kwamba sasa yana alkali. Kisha akachukua potasiamu, ukubwa uleule. Hiyo haikungoja. Ilishika moto palepale, moto wa zambarau, tukarudi nyuma sote. Akatutazama, akasema, "Zote mbili zina elektroni moja nje. Mbona hii imekuwa kali zaidi?" Darasa likawa kimya. Wimbo tuliujua. Jibu hatukulijua.

Jibu liko kwenye matabaka. Potasiamu ina elektroni 19, zimepangwa mbili, nane, nane, moja. Ile ya nje iko tabaka la nne. Protoni zimeongezeka, ni kweli, lakini umbali umezidi na elektroni za ndani zinazokinga zimezidi pia. Kwa idadi ileile ya atomu, kilojuli 419 zinatosha kuing'oa. Shuka chini zaidi katika safu hiyohiyo ya jedwali la elementi. Rubidiamu ni 403. Siziamu ni 376, nayo ikigusa maji hulipuka. Halafu rudi kwenye mstari wa sodiamu, uende kulia. Hapo tabaka la nje ni lilelile, ila kiini kinaongezewa protoni hatua kwa hatua, kwa hiyo elektroni zinavutwa kwa nguvu zaidi na atomu yenyewe inasinyaa. Magnesiamu ni 738. Ukifika klorini ni 1,251. Mwenye elektroni zilizokazwa hivyo hatoi. Ana saba nje, nafasi moja iko wazi, na kiini chake kinavuta kwa nguvu. Huyo hunyakua.

Ukishuka chini, mshiko unalegea. Ukienda kulia, kwa jumla unakaza. Yapo mabonde madogo njiani, kwa mfano kutoka magnesiamu kwenda alumini, na utakutana nayo ukiendelea na masomo. Lakini kwa mienendo hiyo miwili ungelijibu swali la mwalimu bila wimbo wetu.

Na usidhani jambo likiwa la darasani basi limekwisha kueleweka lote. Lile jaribio la beseni limefundishwa vizazi na vizazi. Humphry Davy ndiye aliyeitenga potasiamu na sodiamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1807, kwa kutumia umeme. Tangu hapo watu waliziona zikilipuka majini na kusema ni haidrojeni inayowaka. Mwaka 2015 wanasayansi wa Prague, Pavel Jungwirth na wenzake, walipiga picha tone la metali hizo likiingia majini, kwa kamera inayonasa matukio ya kasi sana. Wakaona kwamba kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijapita, tone lilikuwa limeota miiba pande zote. Elektroni zilikuwa zimekimbilia majini kwa kasi mno, zikaacha nyuma chaji chanya tupu. Chaji hizo zikasukumana, metali ikajipasua yenyewe. Zaidi ya miaka 200 baada ya Davy. Wangeharakisha kama unavyoharakisha wewe, wasingetazama mara ya pili kitu kinachodhaniwa kila mtu anakijua.

Sasa nikuambie kosa nililowafundisha watoto wa watu, maana najua na wewe unalo kwenye daftari. Nilikuwa nasema sodiamu inataka kutoa elektroni, klorini inataka kupokea, zikikutana zote mbili zinafurahi. Ni maneno matamu. Watoto wanayapenda na wanayakumbuka. Binti mmoja, mpole, aliyezoea kukaa safu ya nyuma, akasimama. Akauliza, kama sodiamu inataka kuitoa, mbona tunalipa kilojuli 496 kuing'oa? Nilikuwa nakimbizana na silabasi. Nikamwambia aandike kama ilivyo ubaoni. Akakaa. Nilimwona usoni kwamba hakuridhika, na alikuwa na haki.

Usiku huo nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla sijasimama mbele ya darasa. Nitakufanyia hapa, ifuate polepole. Kwanza uitoe sodiamu kwenye ugumu wake iwe atomu moja moja: kilojuli 107. Uzipasue molekuli za klorini, kwa sababu zinakaa mbilimbili: 121. Ung'oe elektroni ya sodiamu: 496. Uipe klorini, nayo ikiipokea inarudisha 349. Jumlisha na kutoa. Bado unadaiwa kilojuli 375. Kwa hiyo elektroni kuhama peke yake ni hasara. Hakuna furaha hapo.

Faida inakuja baadaye. Sodiamu iliyopoteza elektroni ina chaji chanya, klorini iliyoipata ina chaji hasi, ndizo tunazoziita ioni. Zinavutana, zinapangana safu kwa safu, chanya imezungukwa na hasi sita, na hasi imezungukwa na chanya sita. Huo mpangilio ndio fuwele ya chumvi. Ukiitazama punje ya chumvi kwa lenzi utaona ni kijisanduku chenye pembe mraba. Ioni zikijipanga hivyo, zinaachia kilojuli 787. Toa deni, unabaki na 412 hivi, na hilo ndilo joto na mwanga unaouona sodiamu ikiungua ndani ya klorini. Elektroni ya sodiamu haiondoki kwa kutaka. Inaondoka pale ambapo kuna kitu cha kulipia kuondoka kwake. Ndiyo sababu sodiamu inaweza kukaa miaka ndani ya mafuta ya taa, imetulia, elektroni yake mlangoni, wala haimpi mtu.

Kesho yake nilifuta yale maneno, nikamwita yule binti aje afanye hesabu mbele ya wenzake. Tulichelewa mada moja muhula ule. Sijawahi kujutia kuchelewa huko.

Kwa hiyo ukiona atomu mbili zimekabiliana, usiishie kuuliza nani anatoa na nani anapokea. Uliza pia kinachofuata. Lithiamu itakusaidia kuliona hilo. Inashika elektroni yake kwa kilojuli 520, imara kuliko sodiamu. Lakini ndani ya maji lithiamu ndiyo mtoaji mkubwa kuliko metali zote za safu yake, kwa sababu ioni yake ni ndogo mno na molekuli za maji huizunguka kwa karibu sana, na kuzungukwa huko kunalipa deni. Wimbo hauwezi kukuambia hivyo.

Na kwa kuwa simu haikutoki mkononi, tazama kilichomo. Ndani ya betri yake mna lithiamu iliyojipenyeza kati ya matabaka ya grafiti. Ukiiwasha simu, elektroni zinatoka upande huo, zinapita kwenye saketi zikiwasha kioo na kupeleka sauti yako, zinafika upande wa pili. Ioni za lithiamu nazo zinavuka kwa njia ya ndani. Huko upande wa pili, katika betri nyingi za simu, anayezipokea elektroni ni kobalti. Ukichaji, unazirudisha zilikotoka kwa nguvu ya umeme wa ukutani. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pande za Kolwezi na Lubumbashi, ambako wachimbaji wengi huzungumza Kiswahili hikihiki tunachozungumza. Mtu wa Kolwezi anachimba kwa jasho kile kinachopokea elektroni za simu yako. Usimsahau unapoitupa kitandani.

Tulikulia karibu na bahari, Tanga. Hewa ya kule ina chumvi. Bawaba za mlango wa jikoni zilikuwa za chuma kitupu, na zilikuwa zinalika haraka, unakuta unga mwekundu chini ya mlango. Lakini bati la paa, lililotobolewa misumari na kukwaruzwa na matawi ya mwembe, lilidumu. Nilidhani ile zinki iliyopakwa juu ya bati ni rangi tu ya kuzuia maji. Kama ingekuwa rangi, pale palipokwaruzwa pangeshika kutu siku ileile.

Kutu ni elektroni kuhama. Chuma kinaachia elektroni, oksijeni inazipokea kukiwa na maji, na chumvi ndani ya maji hayo inarahisisha chaji kupita. Palipo na maji, zinki huachia elektroni zake kwa urahisi kuliko chuma. Oksijeni ikija kudai, zinki ndiyo inayotoa, na chuma kilicho uchi pembeni yake kinabaki salama. Zinki inaisha kidogo kidogo kwa ajili ya mwenzake. Ikiisha kabisa, ndipo unaona doa la kwanza jekundu. Ukienda kununua bati, mwanangu, usitazame mng'ao. Uliza lina zinki kiasi gani. Bati jembamba lenye zinki haba hupendeza siku ya kulipandisha, halafu linakuaibisha kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi.

Si kila atomu inatoa au kunyakua moja kwa moja. Nyingi zinashirikiana. Mmarekani Gilbert Lewis aliandika mwaka 1916 kwamba atomu mbili zinaweza kuwa na jozi ya elektroni kwa pamoja, na kwamba nyingi hutulia zikiwa na elektroni nane nje. Maji ni hivyo, sukari ni hivyo, mwili wako karibu wote ni hivyo. Lakini kushirikiana si kugawana sawasawa. Mwaka 1932 Linus Pauling alitengeneza kipimo cha nguvu ya kuvutia elektroni za pamoja. Haidrojeni ni 2.2. Kaboni ni 2.5 na kidogo. Oksijeni ni 3.4. Katika maji, oksijeni inazivutia elektroni upande wake, kwa hiyo upande mmoja wa molekuli una uhasi kidogo na mwingine uchanya kidogo. Kwa tofauti hiyo ndogo, chumvi huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye mafuta ya kula.

Aliye juu ya wote katika kipimo hicho ni florini, karibu 4. Hakuna elementi inayoishinda kwa kuvuta. Watu waliojaribu kuitenga waliungua na wengine wakafa, mpaka Mfaransa Henri Moissan alipofaulu mwaka 1886, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Lakini florini iliyokwisha kupata elektroni yake ni kitu kingine. Hiyo ndiyo floraidi. Imetulia, inakaa kwenye maji bila rangi wala ladha. Waulize watu wa Arusha, kandokando ya Mlima Meru. Miamba ya volkano huko inaachia floraidi kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya sehemu nyingi za huko yanazidi. Ioni hiyo ndogo inaingia kwenye jino la mtoto linapoumbika na kushikamana na kalsiamu. Ikiwa kiasi, jino linakuwa gumu. Ikizidi, jino linatoka na madoa ya kahawia, na mifupa nayo huumia. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu kalsiamu ya mfupa inaikamata floraidi kama ya jino inavyoikamata. Ukimwona mtu mwenye meno hayo usimcheke kwamba hapigi mswaki.

Klorini ni ndugu yake, iko chini yake katika safu moja. Jiki ya kufulia, yenye klorini ndani yake, hufanya kazi kwa kunyakua elektroni kutoka kwenye rangi ya doa, na rangi inafifia. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali. Mchanganyiko huo unaifungua ile gesi niliyokutajia ya mwaka 1915, tena ndani ya choo kisicho na dirisha.

Nataka nikusimulie habari ya mtu mmoja aliyelitumia swali letu vizuri. Kwenye ukingo wa kulia wa jedwali kuna gesi bwete: heli, neoni, agoni, kriptoni, zenoni. Tabaka lao la nje limejaa. Vitabu vyetu viliandika kwamba haziungani na kitu chochote. Heli kweli haishiki mtu. Inazaliwa chini ya ardhi kutokana na urani na thoriamu zinapooza ndani ya miamba mikongwe, na kwa kuwa haiungani na jiwe wala maji, inapanda juu yenyewe mpaka inaswe. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa, hapa Tanzania, lina akiba kubwa yake.

Lakini Neil Bartlett, akiwa Kanada mwaka 1962, alikuwa ameona kampaundi moja ya platini na florini ikinyakua elektroni kutoka kwenye molekuli ya oksijeni. Jambo la ajabu, maana oksijeni kwa kawaida ndiyo mnyakuzi. Akajiuliza, elektroni ya oksijeni hiyo imeshikwa kwa nguvu gani? Akaenda kwenye jedwali la vipimo. Akakuta ni karibu sawasawa na ya zenoni. Basi, kama ile inang'oka, na hii yaweza kung'oka. Akafungulia gesi hizo mbili zikutane, na palepale ikajitengeneza tungamo ya rangi ya manjano. Kanuni iliyokuwa imekaririwa kwa miongo mingi ilianguka siku moja, kwa namba mbili ambazo kila mwanakemia alikuwa nazo rafuni. Kanuni ile ya elektroni nane nje ni nzuri, mwanangu, itumie. Ila ishike huku unajua imetokana na nini.

Nimebakiza jambo moja, na hili nakuomba ulisikilize kuliko yote. Ndani ya damu yako kuna hemoglobini, na ndani yake kuna atomu za chuma. Kila moja ina nafasi moja wazi. Oksijeni inakuja mapafuni, inashika hapo kwa ulegevu, inabebwa, na ikifika kwenye misuli au ubongo inaachiwa. Ulegevu huo ndio uhai wetu. Ikishikwa mno haitashuka.

Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Katika molekuli hiyo, kaboni ina jozi ya elektroni iliyo tayari kukipa chuma, na chuma nacho kinairudishia sehemu ya elektroni zake. Wanashikana kwa mikono miwili. Mshiko huo una nguvu zaidi ya mara 200 kuliko wa oksijeni. Gesi hiyo haina rangi. Haina harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anadhani ni uchovu, analala. Damu yake imejaa, lakini nafasi zimechukuliwa. Nimekwenda kwenye misiba ya namna hii pande za baridi, familia imeingiza jiko ndani ili watoto wasitetemeke. Hawakuwa wazembe. Hakuna aliyewaeleza.

Sasa wewe umeelezwa. Ukirudi bwenini au kwenye chumba ulichopanga, jiko la mkaa lilale nje, hata kama makaa bado ni mekundu na baridi ni kali. Ukimkuta mtu amelegea ndani ya chumba chenye jiko, mtoe kwanza kwenye hewa safi, kisha mkimbize hospitali apewe oksijeni. Na wale unaoishi nao, waeleze usiku huuhuu kabla hamjalala.